Senene wa Mume Wetu

Kanyigo, Bukoba
9 Machi 1999

Mjukuu wangu Gwiza,

Salamu waitu, kama tusemavyo huku, wewe na hao wote wanaokula chumvi nyumbani kwako. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto linalalamika, na la kulia limeanza kumuiga mwenzake. Mbuzi wamezaa. Padre mpya anahubiri mbio mbio kama kaacha maziwa jikoni, nasi tunamshukuru Mungu maana siku hizi Jumapili tunawahi kupika.

Picha ya harusi nimeipata. Huyo Védaste ni mrefu, ana meno yaliyopangika, na miwani yake inamfanya aonekane mtu wa kufikiri. Nimempokea. Mume wa mjukuu ni mume wa bibi pia, hilo halina mjadala, kwa hiyo kuanzia leo nitamwita mume wetu.

Ila mume wetu bado ni nusu mume, na kosa si lake, ni lako. Nimesubiri barua ya kuniambia ameshakula senene, nimeletewa barua ya kuniambia mmenunua kabati. Kabati! Gwiza, nilikulea mimi tangu mama yako alipofariki, na kwangu ulikula, ukalala, ukachapwa. Hata baba yako alipokuchukua kurudi kwenu Rwanda mwaka wa tisini na sita, nilikukumbusha pale pale kwenye lori, watu wote wakisikia. Bibi harusi, katika mwaka wake wa kwanza, anaamka alfajiri anaingia kwenye nyasi, anaokota senene kwa mkono wake, anawanyonyoa mabawa na miguu, anawakaanga, anampelekea mume. Mume anakula. Akishakula, anamvisha mkewe nguo mpya. Hapo ndoa imekaa. Mwanamke mwenyewe hali senene. Anapika, ananusa, basi.

Sasa sikia. Ulinialika nije Gisenyi nione hilo ziwa lenu. Sitakanyaga. Siwezi kulala katika nyumba ya watu waliooana nusu, nitaota nini? Una muda mpaka Krismasi. Na usinidanganye kwa kumkaangia sambaza, vile visamaki vya ziwa lenu, ukamwambia afumbe macho. Nawajua watu wa ziwani.

Bibi yako,
Verediana


Gisenyi
2 Mei 1999

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na magoti yote mawili. Sisi huku wazima, mvua inanyesha, viazi vinaota hadi mlangoni. Saidati, yule jirani yangu muuza samaki anayevuka kwenda Goma kila siku, anakusalimia. Anasema bibi wa hivyo angempenda awe wake.

Bon, Bibi, kuhusu hilo jambo. Védaste nimemweleza polepole, baada ya kula, akiwa ameshiba. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, “Chérie, mi ni agronome. Dudu mi naua, sikule.” Bibi, huku watu hawali wadudu kabisa. Ukisema senene wanakutazama kana kwamba umetaja jambo la chooni. Na mume wetu kazi yake ya ubwana shamba katika mradi wa kilimo ndiyo hiyo: anazunguka vilimani kwa pikipiki, Mahoko, Nyakiriba, kote, anawafundisha watu kulima viazi mpaka kileleni, kufyeka vichaka, na kupiga dawa kwa bomba la mgongoni. Anaipenda kazi yake. Anaongea na viazi.

Lakini nimejaribu, Mungu ni shahidi. Msimu wa Aprili nilikwenda Nyakiriba alfajiri na ndoo, nimejifunga kanga yako ile ya kijani. Nikatafuta nyasi. Bibi, nyasi hakuna! Kilima chote ni matuta. Nikaona ukingo mwembamba wa majani kati ya mashamba mawili, nikainama, nikaanza kupekua. Mama mmoja akasimama, akaniuliza nimepoteza nini. Nikaona haya, nikasema kitu kidogo tu. Akainama naye akaanza kutafuta. Akaja mwingine. Wakaja wanaume na majembe yao. Haikupita muda kilima kizima kimeinama kinatafuta, na wengine wakawa wanabishana iwapo ni pete au funguo. Nikashindwa kuvumilia, nikawaambia ukweli: natafuta panzi wa kijani.

Waliinuka wote. Mzee mmoja akajipangusa magoti akasema, “Madame ya agronome iko natafuta dudu? Si bwana yake ndiye alitufundisha kuua dudu yote?”

Nilirudi na panzi mmoja asiye senene, kinyonga, na aibu. Kinyonga nimemwachia. Saidati kwa huruma yake alininunulia Goma mfuko wa viwavi waliokaushwa, eti dudu ni dudu. Nilipowaweka mezani, mume wetu alikwenda kula kwa mama yake siku tatu.

Bibi, huwezi kulegeza kidogo? Nataka sana uje.

Mjukuu wako,
Gwiza


Kanyigo
30 Mei 1999

Gwiza,

Salamu. Magoti yamepata nafuu, sasa ni kiuno. Mbuzi wawili wameibwa na mmoja amejirudia mwenyewe, nadhani hakupenda huko.

Sijawahi kusikia nchi isiyo na nyasi. Ng'ombe wanakula nini, magazeti? Huku kwetu, nikuambie, msimu wa mwezi uliopita senene wameanguka mpaka watu wamekoma. Rweya yote, ule uwanda wetu wa nyasi uliokuwa unachezea, iligeuka kijani kinachorukaruka. Nimejaza debe, nikajaza na ndoo, nikajaza na sufuria ya jirani. Mbuzi waligoma kutoka nje. Padre alifunga madirisha ya kanisa, wakapitia mlangoni. Kwa hiyo usiniambie habari za kukosekana. Senene hakosekani, mwanamke ndiye anayechelewa kuamka.

Nimekutumia kopo moja kwa mkono wa dereva wa lori la kahawa. Hao ni wa kumwonjesha mume wetu azoee, si wa kutimiza sharti. Wa sharti lazima watoke katika nyasi za huko mnakoishi. Mtu anaoa na nchi pia. Mwambie afunge lile bomba lake walau kilima kimoja. Na usile wewe. Nitajua.

Kulegeza silegezi.

Verediana


Gisenyi
18 Julai 1999

Shikamoo Bibi,

Pole na kiuno. Kopo limefika, ingawa dereva alilisahau Mahoko wiki mbili, na watu wa duka alikoliacha wanasema hawakulifungua lakini kifuniko kilikuwa kimegeuzwa juu chini.

Bibi, nina swali dogo tu, kwa heshima zote. Tangu lini unaweka kitunguu katika senene? Wewe ndiye ulimfukuza mama mdogo jikoni kwa sababu ya kitunguu. Ulisema kitunguu ni cha watu wa barabarani kule Masaka, ng'ambo ya mpaka, wanaouza senene kwenye vituo vya basi. Nilipofungua kopo nikakuta kitunguu, tena kingi, na bizari. Labda pua yangu.

Mume wetu hakula, lakini alinusa. Kwa agronome hiyo ni hatua.

Kuna jambo limeanza kumsumbua. Mwaka juzi, alipokuwa anarudi jioni kwa pikipiki kutoka Nyakiriba, miwani ilikuwa inajaa wadudu mpaka anafuta kwa shati, na akitabasamu lazima ateme mate kwanza. Sasa anarudi msafi kama aliyetoka kuoga. Mwanzoni alijisifu, “Unaona? Kazi yangu.” Halafu maboga ya mama yake yakatoa maua, yakaanguka, yasizae hata moja. Nyuki hakuna. Nilimkuta mama mkwe ameinama na unyoya wa kuku anahangaika kutoka ua hili hadi lile, anasema anaozesha maboga. Na kuku wenyewe, waliokuwa wanajitafutia, wamekonda, wanakaa mlangoni wanatutazama. Mbayuwayu hawajarudi kwenye paa. Jana Védaste aliketi barazani muda mrefu, akasema, “Gwiza, mi naona kama nimeua mpaka ile haikuwa kwa liste.”

Sasa nikuambie lile nililokuwa nakuficha, maana nilitaka kwanza uje kwa hiari yako. Nina mimba. Mtoto atakuja Januari. Bibi, mama sina. Mama mkwe ni mwema lakini anaozesha maboga. Nataka mtoto aogeshwe na mikono yako. Nataka uje na mdomo wako wote unigombeze hapa hapa nyumbani kwangu. Silali vizuri nikifikiria utakaa huko Kanyigo kwa sababu ya panzi.

Gwiza wako


Kanyigo
22 Agosti 1999

Gwiza mwana wangu,

Nimelia, nimecheka, nikamwambia kila mtu hadi wale nisioongea nao. Barua yako nimeisoma mpaka imekatika katikati. Kula dagaa, acha chai ya rangi, usibebe ndoo, usikae kwenye jiwe baridi, na usiruhusu mtu mwenye hasira akupite kwa nyuma. Jina msichague bado, nina mapendekezo.

Umeuliza na jambo jingine pale juu, lakini nilipofika hapo miwani ilikuwa na ukungu.

Sharti liko pale pale. Usinung'unike! Nikilegeza kwa ajili ya mimba, kila msichana atashika mimba akwepe senene, na mimi ndiye nitasemwa. Novemba si mbali. Tafuta nyasi. Nyasi zisizofyekwa, zisizolishwa, ambazo hakuna mtu mwenye akili amezigusa. Lazima pawepo mvivu mmoja katika mji mzima. Mtafute huyo.

Mwambie mume wetu namsalimia, na kwamba mtu aliyeanza kuhesabu wadudu waliokufa hajapotea kabisa.

Mimi siumwi. Nimechoka tu kidogo.

Bibi


Gisenyi
28 Novemba 1999

Shikamoo Bibi,

Hukuniambia umechoka na nini, na kitunguu bado hujanijibu, lakini leo sina nafasi ya kukusumbua, nina mengi.

Mvivu tumempata. Anaitwa Wellars, ni mlinzi wa villa moja ya ufukweni. Mwenye nyumba yuko Ubelgiji, na Wellars tangu aajiriwe hajashika fyekeo. Bustani imekuwa msitu, Bibi. Nyasi zinanifika kifuani. Majirani wanamdharau. Mimi nilipomwona nilitaka kumbusu.

Aliyenipeleka ni mume wetu mwenyewe. Tangu ile habari ya miwani hakutulia. Aliazima mizani ya Saidati ya kupimia sambaza, akachukua shuka yetu nyeupe, ile ya harusi, akaitundika na karabai jioni moja kwenye viazi vya mama yake. Wadudu wote waliokuja akawakusanya kwenye mfuko, akapima. Mshale haukutikisika. Akapiga mizani kofi, akidhani imekwama. Jioni ya pili akatundika kwenye majani ya Wellars. Bibi, shuka haikuonekana! Nondo, mende wa majani, panzi, vitu vyenye pembe, vitu visivyo na jina. Mshale ukaruka. Saidati akashika kiuno: “Ee Mungu wangu, Védaste, hii mi naweza kuuza kwa kilo!” Mume wetu hakucheka. Alisimama na ule mfuko mkononi akauliza, kwa sauti ndogo, “Donc kwetu vilikuwaga hivi?” Nikamwambia sijui, muulize mama yako. Mama yake akasema ndiyo, vilikuwa hivi, hata ugali ulikuwa unafunikwa.

Basi tukangoja msimu. Wiki iliyopita mvua ikapiga usiku kucha, na alfajiri Wellars alikuja kugonga dirisha. Habari ni mbaya: mwenye villa amepiga simu, anakuja Krismasi, majani yafyekwe leo leo. Nikatoka na kanga na ndoo, tumbo mbele. Wellars alikuwa amekwisha kunoa fyekeo, na siku aliyochagua kuacha uvivu ni hiyo! Nikamwomba. Akasema, “Madame, patron atanifukuza.” Védaste akamshika bega akamwambia yeye kama agronome anaamuru majani haya yaachwe, ni majaribio ya mradi. Hakuna majaribio yoyote, Bibi. Alidanganya mbele yangu bila kupepesa, nikampenda upya.

Na walikuwepo. Si kama wale wa debe lako, lakini walikuwepo, wa kijani, wameshikilia majani na umande juu yao. Nikainama kuokota.

Sikuweza. Bibi, nilikwama. Tumbo lilikataa kwenda chini, na mimi nikakataa kwenda juu, nikabaki katikati nikishika nyasi. Nikaanza kulia pale pale, maana nilijua nimepoteza msimu, na wewe hutakuja.

Sasa hapa nisikufiche kitu. Védaste alinikalisha kwenye ngazi za villa, akavua miwani, akaingia yeye kwenye majani. Mwanaume! Kwa magoti, suruali ya kazi, anaokota senene mmoja mmoja kwa woga, na kila mmoja akimrukia shavuni alikuwa anapiga kelele kama kaguswa na umeme. Wellars akaacha fyekeo akamsaidia. Wakapata kikombe cha chai, kisichojaa. Nyumbani akawanyonyoa yeye, nikawakaanga mimi, chumvi tu, bila kitunguu. Nikamwekea mbele. Akawatazama. Akachukua mmoja, akaniwekea mimi mdomoni.

Nikala. Nisamehe, Bibi. Ni watamu kuliko harufu yao. Kisha yeye akafumba macho, akala wa kwake, akafumbua, akasema, “Mbona hii ni muzuri?” Akamaliza kikombe, nikabakiziwa chumvi.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyeokota, niliona haki nguo nimpe mimi. Nimemshonea shati la kitenge, na analivaa kazini. Na yeye amemwomba mama yake sehemu ya juu ya shamba lile la viazi isilimwe tena wala isipigwe dawa. Amesimika nguzo nne na kuzizungushia kamba. Watu wanapita wanamwuliza ameotesha nini. Anawajibu, “Majani.” Wanamhurumia.

Kwa hiyo Bibi, nimekosea kila kitu. Aliyeokota ni mume, aliyekula kwanza ni mke, aliyevishwa ni mwanaume. Sijui kama ndoa yetu sasa imekaa au imeharibika zaidi. Niambie. Januari inakuja mbio.

Gwiza


Kanyigo
12 Desemba 1999

Gwiza, mjukuu wangu,

Salamu nitazileta mwenyewe.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mawe, mama yangu wee! Mwanaume kwa magoti! Marehemu babu yako angekula hao senene wote, angenipa kanga, na asingejua hata nyasi zina urefu gani. Kwa miaka yote ya ndoa yangu hakuna aliyeniwekea mmoja mdomoni. Nilikuwa naiba jikoni. Ndiyo, naiba. Mimi na mama yako, na mama yangu pia, tukigeuzia mlango mgongo. Sasa umejua, funga mdomo.

Na kitunguu ni cha Masaka. Umeridhika? Kopo lote nililinunua kwa mchuuzi anayevuka mpaka, nikajaribu kukiondoa kitunguu kipande kimoja kimoja, macho hayakuweza.

Gwiza, rweya haipo. Iligawanywa vipande, kila mtu akapanda misonobari na mikaratusi yake, ikawa miti kutoka kwa Padre hadi ziwani. Wanasema ni mali, na kweli ni mali, mbao si mchezo. Lakini chini ya misonobari hakuna kinachoruka. Huu ni msimu wa tatu naamka alfajiri, navaa gauni la shamba, natoka na debe ili majirani wanione, nasimama kwenye miti nasikiliza, halafu narudi na debe tupu nimelifunika kanga. Nikitazama vizuri, wanawake wenzangu nao wamefunika ya kwao. Hakuna anayemwuliza mwenzake.

Ndiyo maana nilikukazia wewe. Si kwamba nilitaka kukutesa. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie bado wapo mahali.

Kwa hiyo sikiliza hukumu yangu, na huyo mume wetu asomewe. Ndoa imekaa. Imekaa kuliko yangu. Alhamisi napanda lori la kahawa, nimeshamwambia dereva asinisahau Mahoko. Nina magoti mawili, kiuno kimoja, na mafuta ya mtoto. Mnifungie mbwa kama yupo.

Ile kamba ya Védaste isiguswe, wala Wellars asipewe fyekeo jipya na mtu yeyote mwenye nia njema. Na asubuhi ya kwanza nikifika, kabla ya chai, kabla hata ya kuniuliza nimelalaje, mnipeleke kwenye hayo majani na mniache peke yangu kidogo.

Nitakuja na kikombe.

Bibi yenu,
Verediana